Mtama Chini ya Mahindi ya Marehemu Nikodemu

Mgeni rasmi, Alhaji Mwishehe, mwenye kiwanja hiki, shikamoo.

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa sita mchana, mwenyekiti wetu Nikodemu alikaa katikati ya mahindi na hakuinuka tena. Presha. Ndiyo maana leo risala inasomwa na katibu.

KARIBU

Karibu wewe na fundi wako. Tunaona ameshika futi ya kupimia. Uji upo, futi anaweza kuiweka chini.

HISTORIA

Miaka sita iliyopita ulitamka mbele ya mashahidi: "Limeni. Siku mtakayovuna shamba likabaki tupu, mnirudishie, nijenge ghala." Tukaingia kaya kumi na moja.

Marehemu, mtu wa Masasi, alitazama juu akasema mahindi yakianza kukauka yanaachia jua, linaanguka chini bure. Tuwahi kupanda mtama katikati yake ulipokee. Kila msimu alivaa shati jeupe akakaa kati ya mistari. Madoa ya jua kwenye shati yakizidi ya kivuli, anapanda.

"Mzee Niko, umejianika?" mwenzetu Mwajabu alikuwa akimtania.

"Nimejianika, mwanangu. Wewe endelea kuota ukungu."

MAFANIKIO

Tumekula ugali wa mahindi na wa mtama. Wewe umekuja na fundi mara nane, kila mara ukakuta kitu kibichi chini, shamba si tupu, ukarudi zako. Uaminifu wako tunausimulia hadi Temeke. Kama marehemu alilipanga hilo makusudi, hakutuambia. Alikuwa akicheka tu.

CHANGAMOTO

Baada ya mazishi tulitaka kumfariji mjane, mama Filomena. Kaya zote tukaingia shambani alfajiri, tukapalilia zamu ya marehemu. Halikubaki jani chini ya mahindi. Mama akatoka, akatazama.

"Mmeng'oa nini?"

"Magugu, mama. Pole."

"Magugu! Huo si mtama alioupanda Niko kabla hajafa? Juzi presha imeniulia mume, leo nyie mnaniulia mtama!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, nasi tukalia, ushahidi ukiwa mikononi.

Tulipanda upya. Shati jeupe alizikwa nalo, hivyo mwenzetu Ansbert alikaa shambani na jezi yake ya milia. Tukabishana hadi alasiri doa lipi ni jua na lipi ni jezi. Tukachelewa.

MAOMBI

Mtama huu umeota kwa mapengo, na waliopanda hawakuwa wajuzi. Tunaomba uuhesabu kuwa ni mtama, na shamba usilihesabu tupu. Na tafadhali, mbele ya mama Filomena usiuite magugu.

Mungu akuzidishie afya, Alhaji, na mwenzetu amlaze penye mwanga wa kutosha.

Mahindi tunavuna Jumamosi. Mtama umeota mistari tisa kati ya ishirini.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima Jua Lisipotee, Kinyerezi