Bwana Spana na Ukuta Unaofunguka

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Spana hata mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisema mtundu huvunja akakimbia, ila huyu alivunja akabaki kuangalia. Akiwa na miaka sita alichomoa kijiti kimoja kwenye kiti cha baba, apate kujua kama kiti kilikihitaji. Baba akaja akakaa. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile nusura livunjike guu la mkuu mwenyewe. Mtoto akachungulia chini, akasema, "Sasa nimejua." Bakora alikula, ila swali hakuliacha mpaka uzee: hiki kikitoka, nini kitaanguka?

Baada ya sekondari aliingia chuo cha ufundi mwaka 1968, akahitimu uchoraji wa majengo mwaka 1971. Mwaka huohuo aliajiriwa na karakana iliyotengeneza nyumba kwa vipande: kuta, milango na madirisha vilitoka pale vikiwa tayari, vikaenda kuunganishwa kiwanjani.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa zahanati. Mafundi wa kuta walifanya kwao, wa madirisha kwao, na siku ya kuunganisha hakuna dirisha lililoingia. Uwazi wa ukuta na fremu ya dirisha vilikuwa na upana uleule, bila nafasi hata ya kupitisha ukucha. Kila kundi lilikuwa limepima sawasawa. Ile nafasi ya katikati ndiyo iliyokosa mwenyewe. Watu walilaumiana mpaka jioni. Kaka alifurahi kama aliyeokota kitu njiani, na nafasi ile akaifanya kazi yake ya maisha. "Kila mtu afanye kwake apendavyo," alikuwa akisema, "ila kiungo tukubaliane kwanza." Alipostaafu mwaka 2009, dirisha lolote la karakana ile liliingia kwenye ukuta wake wowote, na mchoraji wa jiko aliweza kubadili mawazo bila kumwamsha mchoraji wa paa.

Tarehe 12 Desemba 1976 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa hesabu, akamjengea nyumba ya vipande. Alijigamba kwamba paa limebebwa na nguzo, na kwamba ukuta wowote ungetoka kwa spana moja tu, paa lisijue. Wifi hakufurahishwa hata kidogo.

"Nyumba inayofunguka kama sanduku, nitalalaje humo?" aliuliza. "Siku nikikuruhusu ufungue ukuta, ujue nimechanganyikiwa."

Basi bolti zikakaa, miaka ikaenda. Wageni walimtania kwamba ukuta wake ni maneno matupu. Alicheka nao, lakini sisi dada zake tulijua kwamba ilimuuma.

Mwaka 2021 kiharusi kilimlaza. Kitanda cha wagonjwa kiliingizwa chumbani vipandevipande. Kutoka na mgonjwa juu yake kilishindwa, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, na mlango huo aliuchora yeye mwenyewe. Akabaki kuangalia dari miezi mingi, akanyamaza, na mtu yule kunyamaza kulitutisha kuliko ugonjwa.

Jumapili moja ya Machi 2022, wifi aliingia chumbani ameshika spana. "Bolti ya kwanza ni ipi?"

"Si ulikataa wewe?"

"Nilikataa nyumba ifunguke. Sijakataa wewe utoke."

Kaka akamwelekeza moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa na kutu, ikatiwa mafuta, ikalia, ikakubali. Wanawe waliposhika ukuta wauinue, kaka aliwazuia. "Mke wangu, toka nje. Kama nilikosea, paa linakuja."

"Nipo hapahapa," wifi akasema, akamshika mkono.

Ukuta ukatoka. Paa halikutikisika. Jua likaingia mpaka kitandani.

"Nini kimeanguka?" kaka aliuliza.

"Vumbi tu."

Alilia mbele yetu, bila haya. Tangu hapo kila mchana alisukumwa uani, akawauliza majirani maswali mpaka wakatafuta visingizio vya kuondoka. Alifariki uani hapo asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022, mkewe akiwa kando yake. Leo jeneza lake limepita palepale ukutani, bila kuinamishwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na sisi dada zake wawili. Jana tulimuuliza wifi tuandike nini mwishoni. Aliutazama uwazi ule, ambao amesema ataufunga kwa mkono wake mwenyewe tukitoka hapa.

"Andikeni kwamba ametoka, na nyumba imesimama," alisema. "Nimeanguka mimi. Sasa nimejua."

Apumzike kwa amani kaka yetu. Spana anayo mkewe.