Mzee Seni Nkuba na Siku Mbili za Kusubiri Chuma

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Seni Nkuba, Mkaguzi wa Uchomeleaji, alistaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na minne. Wengi mmeuliza kwa nini sherehe ya kumuaga inafanyika katikati ya Julai, wakati wastaafu wengine huagwa siku ile ile ya mwisho. Majibu yamo humu, na baadhi yake hayanipendezi mimi Lugano, msaidizi wake wa miaka sita, niliyepewa kazi ya kuandika.

Mzee Seni alizaliwa Meatu na kukulia Usangu, baada ya wazazi wake kuhamia huko na ng'ombe wao. Mwaka 1991 aliajiriwa katika tawi letu la Ipogolo, Iringa, kama fundi wa kuchomelea, kisha akahamishiwa hapa Mbeya. Kazi iliyompa jina ni kupasisha taratibu. Kabla fundi hajagusa kazi ya mteja, Mzee huchomelea bamba la majaribio la chuma cha aina ile ile na kulikunja kwenye mashine. Lisipopasuka, huandika joto na fimbo za kuchomelea zilizotumika, na kuweka sahihi. Alipasisha taratibu arobaini na sita, na hakuna hata moja iliyowahi kufutwa. Hilo alilionea fahari waziwazi, wala hakuwa na haya kulitaja chai ikinywewa.

Tulimwita Mzee Historia, maana jina la chuma halikumtosha. Alitaka kujua kilikopita: kilipashwa moto wa kiasi gani, kilitumbukizwa majini au kiliachwa kipoe taratibu. Kila mgeni wa karakana alipewa vipande viwili vilivyokatwa kwenye springi moja ya lori, kimoja kimezimwa kwenye maji kikiwa chekundu, kingine kimefukiwa kwenye majivu hadi kesho yake, aambiwe avipige tupa. Cha majivu kinalika, cha maji tupa inateleza. Mgeni akishangaa, Mzee alifurahi kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaona. Alisema ni kama mapacha wake, Kulwa na Doto: tumbo moja, ugali mmoja, lakini ukimsema Kulwa anacheka, na ukimsema Doto utafute pa kukimbilia.

Udadisi huo aliubeba hadi safarini. Basi likisimama Ilula, abiria wenzake wananunua nyanya, yeye anachungulia uvunguni mwa basi. Mkewe, Bi. Minza, anasema safari moja alimwagiza tenga la nyanya, akaletewa kipande cha springi iliyovunjika pamoja na maelezo yake marefu. Siku hiyo mboga zilipikwa bila nyanya.

Sasa tuje ya mwaka huu. Mwezi Mei mteja mmoja kutoka upande wa Mufindi alituletea mkono wa mashine ya kunyanyulia magogo, umeingia ufa. Utaratibu wa chuma chenye jina kama la mkono huo tulikuwa nao tayari, na meneja wetu, Bwana Edmund, akasema basi kazi ianze. Mzee akakataa. Utaratibu ule ulipasishwa kwenye chuma laini, na mkono huu ulikuwa umepikwa kiwandani kwa moto na maji hadi ukawa mgumu. Jina moja, tabia mbili. Na chini ya mkono huo husimama watu wanaofunga minyororo ya magogo. Ikabidi yaagizwe mabamba mawili magumu kwa jaribio jipya, la arobaini na saba.

Jaribio lilifanyika tarehe 12 Juni. Bamba, lililokuwa limechomelewa siku mbili kabla, lilikunjika vizuri ajabu, tukapiga makofi, Mzee akaweka sahihi, Bwana Edmund akampigia mteja simu. Tulipotawanyika Mzee alibaki akilizunguka lile bamba, akinung'unika kwamba limekubali mno. Mwisho akachukua tupa akalipiga mbali na mshono. Tupa ikala chuma.

Hapa ndipo ninapoomba radhi mbele yenu nyote. Juni ya Mbeya mnaijua. Stoo kulikuwa na baridi ya kukata masikio, nami nikachukua bamba moja nikaweka makaa juu yake, nikawa nayapulizia kwa feni ya kompyuta mbovu. Wiki mbili lilikuwa jiko langu, na mara nyingi liliiva likawa jekundu. Alama ya rangi ya njano, inayotambulisha bamba gumu, ikaungua. Siku ya kuchomelewa nililipiga grenda, nikalipaka alama upya, nikakaa kimya. Nilidhani chuma ni chuma. Kumbe nilikuwa nimelilainisha.

Mzee aliniuliza mara moja tu bamba limepitia wapi, nikasema ukweli. Hakunifokea. Alitaka kujua makaa yalikuwa ya mti gani na feni ilikaa umbali gani, akaandika yote. Kisha, siku kumi na nane kabla ya kustaafu, akachukua kalamu nyekundu akaikata sahihi yake mwenyewe. Bwana Edmund alimkumbusha kwamba mteja ameshaambiwa, na kwamba miaka yote hiyo hajawahi kufuta. Mzee akasema anajua. Kwenye ripoti aliandika kwamba bamba lilipata joto stoo. Jina langu hakuliandika. Naliandika mimi leo.

Bamba la pili, ambalo halikuonja moto wangu, lilichomelewa kwa utaratibu ule ule. Lilipasuka mashine ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukunja, kwa mlio uliomleta mlinzi wetu Jofrey mbio kutoka getini. Sote tulikuwa tunawawaza wale wafunga minyororo.

Bamba jipya lililoagizwa baada ya hapo lilichomelewa kwa utaratibu uliorekebishwa asubuhi ya tarehe 30 Juni: fimbo zimekaushwa, joto limepimwa, mishono myembamba, kila mmoja ukisubiri uliotangulia upoe kiasi. Lakini chuma kigumu kinaweza kupasuka saa nyingi baada ya kupoa, ndiyo maana Mzee husubiri siku mbili kabla ya kukikunja. Tulimsihi alikunje jioni ile ile, aweke sahihi, aondoke na rekodi yake. Alikataa huku machozi yakimlenga, nasi hatukuzoea kumwona hivyo. Alinikabidhi kalamu, akaenda nyumbani bila kujua.

Tarehe 2 Julai alirudi. Jofrey, kwa kukosa la kufanya, akampa kitabu cha wageni. Penye sababu ya kuja aliandika neno moja: kujua. Alisimama nyuma ya mstari kama mgeni yeyote, shingo ameinyoosha. Bamba lilikunjika hadi mwisho. Nilikagua mshono kwa lenzi mara tatu, na ufa haukuwepo.

Mzee wetu, asante kwa yote. Kapumzike vizuri Usangu, ng'ombe wanenepe, na uzidi kuuliza. Utaratibu wa arobaini na saba una sahihi yangu, na ukurasa wako wa mwisho una mstari mwekundu. Mkono ule wa mashine unanyanyua magogo tangu wiki iliyopita, ndiyo maana tunakuaga leo na si tarehe 30. Wanaofunga minyororo chini yake hawakujui, na kila jioni wanarudi makwao wote.