Mikono Mifukoni: Mwalimu Ndambiri Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha mafunzo hapa Nkubu, Mwalimu Ndambiri anastaafu tarehe 30 Juni 2017. Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu mimi Mithika, dereva, ndiye mwenye Kiswahili kikubwa kuliko wote. Shule niliacha darasa la sita ili nisiwaaibishe walimu.

Mwalimu alipokea vijana wenye ulemavu waliomaliza shule, akawafundisha kuishi kwa kujitegemea: kupanga chumba, kupika, kubishana bei sokoni. Sisi wafanyakazi alitufundisha neno moja tu: "Mikono mifukoni!" Yaani usimsaidie mtu ambaye hajakuomba. Mimi niliyewahi kutoa ng'ombe mtaroni peke yangu (mashahidi wote walihamia Isiolo), somo hilo lilinishinda.

Kila aliyemaliza mafunzo aliwapikia wazazi katika chumba chake alichopanga. Zamu ya Kaari, anayetumia kiti cha magurudumu, baba yake alifika kutoka Mikinduri na pikapu tupu.

"Nimekuja kumrudisha nyumbani," akasema. "Huku nani atamteremshia sufuria?"

Akasukuma mlango. Mwalimu akamvuta nyuma polepole. "Mzee, hii ni nyumba ya mtu. Piga hodi."

Mzee akapiga. Kaari akatuweka nje kidogo, kama mwenye nyumba yeyote, halafu akatukaribisha na kutunawisha mikono.

Githeri ilipoiva, nikaona mzee ameikazia macho ile sufuria. Nikajua hapa msichana anabebwa kurudi Mikinduri. Nikaruka kuokoa kituo, nikaishika bila kitambaa. Nduru yangu ilisikika Chuka. Nusu ya githeri ikaingia kwa viatu vyangu.

Kaari akachukua vitambaa, akateremsha sufuria, akanimwagia maji baridi vidoleni. "Anko, kaa chini. Wewe ni mgeni."

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Kumbe wa kusaidiwa ni huyu!"

Pikapu ilirudi Mikinduri tupu. Wiki iliyofuata ilikuja tena, imebeba cherehani. Tangu hapo nawaambia watu kwamba nilipanga yote, na Mwalimu hajawahi kunikanusha. Ni mtu wa heshima sana.

Mwalimu, asante. Kaari, ambaye siku hizi ameajiri mafundi wawili, amekushonea koti la kwenda nalo kwako Runyenjes. Halina mfuko hata mmoja. Anasema umeficha mikono vya kutosha, sasa msaidie mama watoto kubeba ndoo.

Ukae vizuri na miaka yako iwe mitamu. Tukija kwako tutapiga hodi, na sufuria sitagusa.