Mlango wa Uzazi Usidai Karatasi

Mgeni rasmi, Daktari Albert, mkaguzi wa afya uliyevumilia barabara yetu mpaka Baraka,

KARIBU

Sisi akina mama wa kikundi cha Tubebane tunakupokea kwa furaha. Wengi wetu hatuhitaji kuambiwa wewe ni nani. Ulijifunzia kazi katika kituo hiki cha afya, na siku ya kwanza ulipoona mtoto anakuja, Mama Georgette, mkunga wetu mkuu, alikuambia: "We Albert, kama unataka kuanguka, angukia kule, mi niko na kazi." Hukuanguka. Leo umerudi na gari na wasaidizi wawili. Tunajisikia wazazi wako.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka sita iliyopita, wanawake tisa. Hapa kwetu wanawake wengi hupika lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi, kwa sababu ndiyo inayosomesha watoto. Mpikaji lazima aonje. Anaonja asubuhi, anaonja mchana, na baada ya mwaka mkono unatetemeka asipoonja. Huo ni ugonjwa. Lakini akipata mimba na kuja kupimwa, benchi zima lilikuwa linaziba pua. Mmoja aliambiwa: "Wewe nenda uzalie kwa pipa yako." Alikwenda, hakurudi tena kituoni. Ndipo tukaanza kuwasindikiza.

TULICHOFANIKIWA

Tumesindikiza wajawazito thelathini na wanne, wa hapa mjini, wa Nundu, hata wa Kilembwe. Tunakaa nao benchi moja, tunapiga soga, tunawashikia watoto. Mama Uwimbabazi, aliyeshuka kutoka milima ya Bibokoboko na ambaye kanisa lake haligusi hata tone, huwapelekea maziwa. Waumini wenzake wakimuuliza, anawajibu: "Maziwa haiulize ulikunywa nini jana."

TULIPOKOSEA

Sehemu hii si ya kawaida katika risala. Tumeiweka kwa sababu bila hiyo hutaelewa ombi letu.

Tulitaka wauguzi watuamini, tukatunga karatasi: "Fulani ameacha pombe, mpokeeni." Tukachongesha muhuri. Tulijivunia sana, na wewe unajua jinsi muhuri unavyoheshimiwa kwetu. Wauguzi wakaizoea. Haukupita mwaka, mnywaji hakupokelewa tena bila karatasi hiyo, na yule aliyeshindwa kuacha aliona haya kuiomba. Akabaki nyumbani.

Mwezi wa tatu Tania, mpikaji mmoja wa lutuku, alifika kituoni uchungu umemshika. (Ameruhusu tumtaje. Alisema: "Andika na jina ya baba yangu kama unataka.") Akaulizwa karatasi. Hakuwa nayo. Muhuri ulikuwa katika mkoba wangu, mimi katibu ninayesoma hapa, nami nilikuwa katika soko la Nundu nikichagua dagaa. Akaambiwa anisubiri getini. Alizalia getini. Alivuja damu mpaka Mama Georgette mwenyewe akatoka mbio, akamwinua. Wamepona wote wawili. Tania husema: "Mi nilikuwa nangojea muhuri, mutoto yeye akakataa." Akisema hivyo tunacheka naye. Tukifika nyumbani hatucheki.

Hatumlaumu Mama Georgette. Tulipomwendea alitujibu: "Ninyi bamama ndio mulinizoeza hii karatasi, na leo munanigombeza?" Ni kweli. Anaogopa mgonjwa afie mikononi mwake na lawama zimwangukie peke yake. Amezalisha nusu ya watu waliokaa hapa. Tunampenda, naye anajua.

TUNACHOOMBA

Kwanza, tunaomba agizo lako la maandishi, leo hii: mwenye mimba apokelewe kama alivyo, awe amekunywa au hajanywa, bila karatasi ya mtu yeyote. Muhuri wetu tutauweka mezani kwako nikimaliza kusoma. Uuvunje.

Pili, muuguzi mmoja afundishwe namna ya kumsaidia mtu kuacha pombe bila hatari. Sisi tulimwambia mwenzetu aache siku moja. Alitetemeka, akapoteza fahamu. Tukamwombea tukidhani ni pepo, kumbe ni mwili ulioshtuka. Nusura tumuue kwa upendo.

Tatu, siri ambayo mama amemwambia mkunga isifike kwenye benchi. Chumba tunacho. Pazia tutashona wenyewe.

Hatuombi gari, wala jengo.

Neno la mwisho. Mmoja wetu atajifungua mwezi huu. Hajaacha pombe. Amepunguza, na tumeona alivyoteseka. Wiki iliyopita alituambia: "Kama bado wanaomba ile karatasi, mi nabaki kwa nyumba." Hatutamtaja. Leo tumevaa kitenge kimoja sote, na wajawazito wote saba tumewaketisha mstari wa mbele, ili asitambulike. Kwa hiyo, Daktari wetu, ukisimama kutujibu, watazame wote saba. Yeye yumo, na anasubiri kusikia kama aje au asije.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, ampe Mama Georgette miguu isiyochoka, na hawa saba ambao hawajazaliwa wazaliwe ndani, kitandani.

Ni sisi wazazi wako,
Akina mama wa Tubebane, Baraka