Mgombea wa Arobaini na Tatu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya tanuri la mikate mjini Osh, katika nchi ya Wakirgizi, na birika la chai ya kijani ambalo haliachwi lipoe. Kila alasiri hukaa hapo watu watatu: Kamanda, aliyewahi kulinda mpaka, Daktari, anayechanja kondoo, na Fundi Saa, ambaye siku hiyo roho ilikuwa juu. Wiki iliyopita alijiandikisha kimyakimya kugombea urais. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, na amri yake ilikuwa fupi: wenzako wakikutaja kuwa unafaa, hata mmoja tu, kesho panda gari uende Bishkek, mji mkuu, kwenye usaili wa wagombea. Wasipokutaja, baki uezeke banda la ng'ombe. Basi Fundi Saa alikuwa ametega masikio.

— Atakayeshinda ni yule jenerali mstaafu, alianza Kamanda. Ana farasi mia mbili. Unadhani anawafuga wa nini? Watu watanyweshwa maziwa ya farasi, yale yaliyochacha yanayolevya, mpaka wasione jina lingine kwenye karatasi.

— Acha kamba, bwana. Anapita yule mcheza mieleka, alijibu Daktari. Ana pacha wake. Mmoja anakaa Ikulu, mwingine anaendelea kuangusha watu. Nani atajua?

— Mtu wa kawaida je? alidokeza Fundi Saa. Mtulivu hivi. Labda hata wa mtaa wetu.

— Mtaa huu? Hapa pana nani?

Fundi Saa akamimina chai, nyingine ikamwagika chini. Kauli hiyo iliuma, asikwambie mtu.

— Mimi nawapa siri, Kamanda akainama. Rais ameshapatikana. Wamemficha chini ya ziwa anafundishwa Kikirgizi, maana mtihani wa lugha wa wagombea kaufeli mara mbili.

— Chini ya ziwa anapumuaje?

— Hilo waachie wataalamu.

Akatokea Aisuluu, mwalimu aliyehamia mtaani juzi tu, simu mkononi.

— Shikamooni wazee. Orodha ya waliojiandikisha imetoka. Wa arobaini na tatu ni wa mtaa huu, Mamatkadyr Orozov. Mnamfahamu?

— Hatumjui, alisema Kamanda papo hapo. Huyo kapandikizwa.

— Huenda ndiye yule pacha, akaongeza Daktari.

Mwalimu akamgeukia wa tatu.

— Na wewe, baba, unaitwa nani?

— Huyu ni Fundi Saa, akamjibia Kamanda.

— Jina lake hasa.

Kamanda akajimiminia chai. Daktari akaanza kuikagua kofia yake. Miaka kumi na tisa wanakunywa chai pamoja, na jina lake hawalijui.

— Mamatkadyr Orozov, akasema Fundi Saa mwenyewe, akatoa mfukoni fomu ya wadhamini.

Aisuluu akaisoma, akatia saini. Kamanda akaivuta kwake bila kumtazama mtu usoni, naye akatia yake.

— Usaili si uko Bishkek? Gari linaondoka saa ngapi? aliuliza.

— Saa kumi na mbili asubuhi.

— Nakwenda nawe. Mtu ambaye hata sisi hatumjui hawezi kwenda huko peke yake.