Picha ya Bi Tepu: Risala ya Mafundi Cherehani wa Ghorofa ya Chini

Mgeni rasmi, viongozi wa shirika lako, na nyie majirani mliojazana mlangoni,

Karibu. Kaa vizuri, kiti hicho tumekiazima duka la pili. Utuwie radhi kwa mavazi. Vijana wako walipiga simu juzi, wakataka tuvae nguo zilizochakaa ili wafadhili waguswe. Sisi ni mafundi, mgeni rasmi. Tumetafuta, hatukupata.

HISTORIA
Tulianza watatu na cherehani moja. Leo tuko kumi na wawili. Aliyetufundisha wote ni huyo mama wa mbele, mwenye gauni la bluu. Tunamwita Bi Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani anaingia nayo.

MAFANIKIO
Cherehani nne ulizotupa mwaka jana zinafanya kazi. Ahsante, na hilo tunalisema bila kinyongo.

CHANGAMOTO
Ni moja tu. Siku ile ya makabidhiano Bi Tepu alikuwa ametoka kutiwa dawa ya macho, machozi yakawa yanamchuruzika. Mpigapicha wako hakuuliza. Sasa mama wa watu yuko kwenye bango lenu pale njia panda, mkubwa kuliko mlango huu, na chini yake mmeandika: "Hana kitu. Hana mtu."

Hana mtu! Mwanawe mkubwa alimpigia simu analia: "Mama, kwani mimi nimekufa?" Wateja wake wa miaka ishirini nao wakaanza kupitiliza. Mmoja alisema waziwazi, "Nimpe kitambaa cha harusi mtu asiye na kitu? Si atakiuza!" Tangu hapo hajakata nguo ya mtu. Anakuja asubuhi, anafuta cherehani vumbi, anakaa. Inatuuma. Umetupa mashine, ukaondoka na heshima ya mama yetu.

MAOMBI
Ishushe ile picha. Leo, kabla hujaenda kula. Hatuombi kingine, hata hizo kofia mlizokuja nazo mnaweza kurudi nazo.

La mwisho tumeliongeza kwa kalamu sasa hivi, kanong'oneza Bi Tepu mwenyewe. Anasema pindo la koti lako limeachia upande wa kushoto, ameliona tangu unashuka garini. Livue, umpe. Ni dakika tano. Hatakudai kitu, wala hatutakupiga picha.

Mungu akufikishe salama, na siku utakapolia wewe akupe mtu wa kukusitiri.

Ni sisi,
Mafundi Cherehani wa Ghorofa ya Chini