Chelada Abaki au Aondoke: Wapiga Chapa wa Gondar kwa Mgeni Wao

Mgeni rasmi, Inginia Kidanemariam Worku, Mkuu wa Ofisi ya Kompyuta ya Jimbo;
Waheshimiwa mahakimu, mliotoka nje mara moja kuja kutuona;
Marigeta Hiruy, mwalimu wa mashairi ya kanisa na mzazi wetu sote, uliyekubali leo kukalia kiti cha plastiki;
Mwenyekiti wetu na binti yake, Weizero Yeshimebet Hiruy;
Wenye kesi, na ninyi ambao kesi zenu bado ziko njiani:

Afya kwenu.

KARIBU

Sisi wapiga chapa wa langoni mwa mahakama tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tulitaka kukuwekea zulia jekundu, lakini mji huu una moja tu la maana, ni la kanisa, na mtunzaji wake alituuliza, "Kwani anakuja askofu?" Kwa hiyo tumekutandazia majani mabichi, kama siku ya sikukuu. Ukiteleza, jua ni mapenzi.

Tumeambiwa umekuja kuzindua mfumo mpya wa kompyuta. Sisi tumeshauzindua kidogo bila wewe, na tutakueleza ilivyokuwa. Ila kwanza tuanze kwako mwenyewe.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, historia hii unaijua kwa sababu umo ndani yake. Tunaisema kwa ajili ya vijana, ambao wanadhani Chelada, programu yetu ya kuandikia, aliletwa na serikali.

Zamani hapa langoni palikuwa pa taipureta. Kelele yake ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Yeshimebet alikuwa msichana, na tayari alikuwa hapitwi na mtu. Mkulima akija analia kwamba shamba lake limemegwa, yeye vidole vilikuwa vimeshaanza kutembea. "Punguza machozi, baba, ongeza mipaka. Upande wa mashariki umepakana na nani?" Mkulima akifuta kamasi, barua imekwisha, na hakimu akiisoma anajua hata mti uko wapi.

Basi kiangazi kimoja kilipokwisha na mvua zikaanza, akaja mwanafunzi wa chuo kikuu. Sweta imetoboka viwiko vyote viwili. Nyuma yake hamali amebeba kompyuta iliyofungwa blanketi kama mgonjwa. Akapita meza kwa meza akisema ametengeneza programu ya kuandika fidel, herufi zetu, kwenye kompyuta. Watu walicheka. Mmoja akamuuliza kama kompyuta hiyo ina homa.

Yeshimebet naye alicheka, lakini akauliza swali. "Herufi zetu zinapita mia mbili. Hivi vitufe vyako ni vichache hivi. Umati wote huo utaulaza wapi?"

Mwanafunzi akamwita dada mkubwa, kama tunavyomwita sote leo: "Ndiyo maana nimekuja, etiye. Nionyeshe vidole vyako vinataka kwenda wapi."

Mgeni rasmi, tunaomba vijana waliangalie neno hilo vizuri. Wataalamu wengi tumewaona. Wanakuja na kibodi, wanasema, "Vidole vyenu vijifunze." Wewe ulikuja ukasema kibodi ijifunze vidole. Mvua zote zile mliketi kwenye baraza la Marigeta, Yeshimebet amefumba macho anaandika juu ya meza tupu, wewe unatazama kila kidole kilipoangukia. Ulikula shiro ya nyumba ile, mchuzi wetu wa unga wa dengu, mpaka Marigeta akamuuliza bintiye, "Huyu ni mgeni au mpangaji?"

Hivyo ndivyo Chelada alivyozaliwa. Ukampa picha ya chelada, nyani wa milima ya Simien, mwenye kifua chekundu, anayekaa pembeni mwa kioo na kujikuna kila mtu akikosea herufi. Ukatupa bure. Na kwa sababu wafanyabiashara wa mji mkuu walikuwa wameshaanza kunusa, ukamwekea kufuli: kilichoandikwa na Chelada kisomwe na Chelada peke yake. Tulikupigia makofi. Mpaka leo viganja vinawasha.

TUNAYOJIVUNIA

Nusu ya ndoa za Gondar zilialikwa kwa mkono wa Chelada. Nusu ya talaka pia, kwa hiyo hatujawahi kukosa kazi.

Lakini ukituuliza fahari yetu ni ipi, hatutakuonyesha barua ya mahakama. Tutakupeleka kwenye meza ya Etiye Yeshimebet siku ya Jumapili, ibada ikishakwisha. Marigeta anakuja na fimbo yake, anakaa, anakohoa, halafu anaanza kutaja maneno ya Ge'ez, lugha ya vitabu vyetu vya kale. Ni maneno ambayo walimu wake walimwachia mdomoni na wakafa. Maana yake, maana iliyo ndani ya maana hiyo, na ile ya chini kabisa wanayoifikia wachache. Yeye anataja, binti anaandika. Ni kamusi, Mgeni rasmi. Walianza nywele za binti zikiwa nyeusi.

"Abaye, neno hili lina maana ngapi?"

"Andika tu, utaona."

"Nimeandika nne."

"Basi tumefika katikati. Huyo nyani wako mbona anajikuna?"

"Nimekosea herufi."

"Namheshimu. Wanafunzi wangu wakikosea wanajikuna wao."

Kamusi hiyo yote iko ndani ya Chelada. Zimebaki herufi chache za mwisho.

YALIYOTUSUMBUA

Mwaka mpya ukiingia, mwezi wa Meskerem, mahakama haitapokea tena barua za karatasi. Zitapita kwenye waya, kwa mfumo mpya, kwa herufi za mfumo mpya. Hatuna ugomvi na hilo. Mfumo wenyewe ni mzuri, tuseme kweli, hata waliokuja kuusengenya walinyamaza. Kompyuta inawaka kabla hujamaliza kukaa. Umeme ukikatika, ukirudi unalikuta neno lako palepale ulipoliacha. Virusi siku hizi vinapita nje vikisalimia. Tatizo ni moja: Chelada humo haingii, hata akibisha hodi kwa adabu.

Tulianza kwa kujaribu kompyuta moja. Aschalew, ndiye daktari wetu wa kompyuta, akapiga mfumo mpya asubuhi, ukakataa. Akapiga tena, ukakataa. Zewditu, ambaye kila jambo kwake lina malaika, akasema ni Mtakatifu Gabrieli amesimama mlangoni, akaenda kuwasha mshumaa. Siku hizo Etiye Yeshimebet alikuwa na tabasamu dogo upande mmoja wa mdomo. Sisi tulidhani ni jino.

Kumbe iliyosimama mlangoni ni kalenda. Kompyuta zetu zote tumezirudisha kwenye mwaka wetu wa Kihabeshi, ili barua zitoke na tarehe ambayo hakimu anaijua. Na mwaka wetu, Mgeni rasmi, uko nyuma ya ule wa nchi nyingine kwa miaka saba na kitu. Mfumo mpya ukaingia, ukatazama tarehe, ukakuta wenyewe bado haujatengenezwa. Ukagoma.

Aschalew akashika kichwa. Zewditu akamwambia, "Sasa ulitaka azaliwe mama yake hajaposwa?"

Tarehe ikarekebishwa. Mfumo ukaingia kama bwana harusi, na tabasamu la Etiye likaondoka. Tukafungua nakala ya kamusi. Ukurasa wa kwanza: visanduku vitupu. Ukurasa wa pili: visanduku. Tukashuka mpaka chini, visanduku tu, kama makaburi ya watu wasio na majina. Wakaitwa mafundi kutoka Bahir Dar. Walikunywa soda, wakapekua, wakasema kufuli hili halifunguliwi na yeyote ila aliyelifunga, wakaaga.

Kuchapa yote kwenye karatasi na kuiandika upya, hilo tumelifikiria. Lakini Ge'ez kati yetu anaijua Etiye peke yake. Sisi wengine tunaiimba kanisani kwa sauti kubwa bila kuelewa. Na kuandika upya kutakula miaka ambayo Marigeta anaitaka kwa maneno yaliyobaki.

Ikabidi tukae kikao. Tulikaa Jumapili, kahawa ikakaangwa.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha makelele. Zewditu akasema, "Mimi nina watoto. Chelada hana." Aschalew akasema tukibaki na mfumo wa zamani, mwezi wa Meskerem tutakuwa tunauza mahindi ya kuchoma. Mwingine akamjibu, "Wewe hata mahindi utayapiga virusi." Wengine wakasema haiwezekani, kazi ya mzee haiachwi hivihivi, tumekula kwa vidole vya huyu mama. Tukapiga kura. Zikalingana.

Kikombe cha pili kilikuwa cha kusubiri. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye anayeamua, na mwenyekiti alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

Cha tatu ndicho cha baraka, na hapa kwetu hakuna anayeinuka kabla yake. Akakinywa chote. Akasema, "Hamieni. Wote. Yangu ibaki."

Aschalew akasema, "Etiye, yako ikibaki, kazi ya mahakama hupati hata moja. Utakula nini?"

"Hilo ni swali la Jumatatu. Leo ni Jumapili."

Mgeni rasmi, Jumatatu ilifika, na Jumatatu nyingine zimefuata. Sisi tunatumia mfumo mpya na tunafanya mazoezi ya kutuma kwenye waya. Kibodi mpya nani ametufundisha? Yeye. Alijifunza kabla yetu, sasa anasimama nyuma ya migongo yetu anatuonyesha kitufe, "Huku, Zewditu, huku, sio huko, huko ni kwa Wagiriki." Akimaliza anarudi kwenye meza yake, anaiwasha ile ya zamani, inakohoa, inanguruma, inawaka ikitaka. Vipuri vyake havipatikani tena. Kila ikizimika ghafla anaiwekea mkono juu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tulijaribu kumkusanyia chochote kila wiki, akaturudishia. "Nipeni kahawa," alisema. "Huruma haina sukari."

Tumeona watu wenye vyeo, Mgeni rasmi, na wewe ni mmoja wao na unastahili. Lakini mtu wa kukaa nyuma ili wengine wavuke, halafu akawashika mkono wakati wa kuvuka, tumemwona mmoja.

MAOMBI

Maombi yaliyopitishwa na mwenyekiti ni mawili. La kwanza, bati la kibanda, maana mvua inaingia kwenye printa. La pili, umeme usikatike saa za kazi. Tumeyasoma, yamekwisha, na hata yasipotimizwa tumezoea.

La tatu mwenyekiti hajaliona.

Mwenyekiti, tafadhali kaa. Tunakuona. Katibu wetu Wubishet, ndiye huyu anayesoma, anaomba asiguswe mpaka amalize, baada ya hapo mumfanye mtakavyo. Ulimkataza kuliandika, ukamwambia, "Mtu akishakuwa mkubwa, usimkumbushe shiro." Hatujamkumbusha shiro. Tumeisimulia tu kwenye historia, inavyotakiwa.

Inginia, tunaomba ufunguo wa Chelada. Hatuombi umrudishe langoni. Sisi tumeshahama na tumeridhika, na yeye amefanya kazi yake, apumzike. Tunaomba tu umfungue, kamusi itoke, iingie kwenye herufi ambazo kijana wa kesho ataweza kuzisoma. Kisha Etiye naye ahame. Kama ufunguo uko kwenye karatasi nyumbani, tutamtuma mtu. Kama uko kwenye diski iliyooza, lete, Aschalew ana subira. Na kama uko kichwani tu, kompyuta yake imewashwa sasa hivi tunaposoma, iko hapo nyuma yako, na umeme bado upo. Tunaogopa kusema zaidi tusije tukaukata kwa mdomo.

Kabla ya kuandika risala hii tulimwendea Marigeta, tukamuuliza tuweke neno gani la kwake. Tulidhani atatupa shairi. Alipapasa fimbo, akasema:

"Mwambieni sikukasirika alipofunga mlango. Mtu hufunga mlango wa kitu anachokipenda. Ila mwambieni, niko ndani."

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya kwa niaba yetu. Akupe safari njema, wasaidizi wasiokusengenya, na uzee wa taratibu. Na katika uzee huo akuachie kumbukumbu zako zote, hasa za ujanani.

Ni sisi, tuliokula kwa vidole vya Yeshimebet na kwa kichwa chako,

Chama cha Wapiga Chapa wa Langoni mwa Mahakama,
Gondar.